Tukifuata Macho Gizani: Burunge hadi Manyara

Jumanne, Burunge

Tuliondoka Arusha saa nne asubuhi tukiwa watatu: mimi, shemeji yangu, na dereva ambaye tangu nimfahamu namwita Mjomba, kwa kuwa ana umri wa mjomba na ukali wake pia. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba hatutakwenda kutafuta bundi. Nikamwambia bundi hatafutwi, huja mwenyewe. Hakucheka.

Makuyuni tuliiacha njia ya Mto wa Mbu upande wa kulia, tukanyoosha na barabara ya Babati mpaka Kwakuchinja. Hapa ndipo wanyama wa Tarangire na wa Manyara hupita wakihamahama, katikati ya vijiji, mashamba na hiyohiyo lami tuliyokuja nayo. Kambi yetu iko Burunge, hifadhi ya jamii iliyotengwa na vijiji kwenye ardhi yao, na niliichagua kwa sababu moja tu: usiku gari linaruhusiwa kutembea. Kwingi huko mbugani, jua likizama mgeni anatakiwa awe ametoka getini au amefika kambini. Kenya ndio kabisa, hifadhi za taifa hazina safari za usiku. Anayelitaka giza anakwenda kwenye hifadhi za jamii au za watu binafsi. Ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka mbuga maisha yake yote asimwone fungo hata mara moja, na bado akasema amemaliza wanyama.

Kitu cha pili nilichochagua ni mwezi. Juzi ulikuwa mpevu. Leo ulitarajiwa kuchomoza saa mbili na dakika kumi hivi, na kila siku unachelewa karibu dakika hamsini, kwa hiyo kila usiku wa safari hii tungepata giza refu kuliko la jana yake. Mjomba aliniona nikiandika saa hizo kwenye daftari, akasema, "Umejipanga kama simba." Nikadhani ananitania.

Saa moja na nusu tukapanda gari la wazi, Mjomba kwenye usukani, askari wa wanyamapori pembeni yake, sisi wawili kiti cha nyuma kilichoinuka. Baridi ya Julai, gari likitembea, haina huruma. Nikapewa taa. Si tochi ya kutafutia kiatu uvunguni. Ni taa nzito yenye mpini, waya wake umechomekwa kwenye soketi ya gari. Nikaishika kiunoni, nikazungusha kushoto na kulia dakika tano nzima, nisione kitu. Shemeji akaanza kupiga miayo.

Mjomba akasimamisha gari. "Mpwa, ipandishe hiyo taa shavuni."

"Shavuni?"

"Usawa wa jicho. Anayetazama ni wewe au ni tumbo lako?"

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Nyuma ya jicho la wanyama wengi wa usiku kuna utando unaong'aa kama kioo. Mwanga uliopita bila kunaswa unarudishwa, ili jicho lipate nafasi ya pili ya kuunasa, na unaoponyoka tena ndio huo mng'ao tunaouona. Sasa mng'ao huo haupotei ovyo. Unarudi kulekule mwanga ulikotoka. Ukiishika taa kiunoni, macho yote ya pori yanakitazama kiuno chako. Nikaiegemeza sikioni. Pori likawaka.

La kwanza lilikuwa umande, au ndivyo nilivyosema: vitone vya samawati kwenye nyasi za kando ya njia, vingi mno, kama mtu amepasua chupa akazitawanya chenga zake. Afande akacheka. Aliinama kutoka kwenye kiti chake, akasogeza tochi yake ndogo kwenye kimoja, akatuita tutazame. Buibui. Ametulia juu ya jani kavu, hazidi ukucha wa kidole gumba, na macho yake yanarudisha mwanga kama taa za pikipiki iliyo mbali. Kila kitone kilikuwa buibui. Shemeji akapandisha miguu kitini na haikushuka tena mpaka kambini.

Kisha macho mengine yakaanza kuruka. Jicho moja la rangi ya chungwa, linapanda, linashuka, linapotea, linaibuka mita kadhaa pembeni. Ukimulika pori usiku na ukaona taa inayodunda kama mpira, huyo ni kamendegere. Macho yake yako kila upande wa kichwa, ndiyo maana akikimbia mara nyingi unaliona moja tu. Tulipokaribia tukamwona mzima: sura ya sungura, miguu ya nyuma mirefu ya kangaruu, mikono mifupi aliyoikunja kifuani kama anayeona baridi, na mkia mrefu ulioishia kwenye kishungi cheusi. Wako wengi kwenye uwanda ule. Mwaka 2021 watafiti walichapisha habari kwamba manyoya ya kamendegere yakimulikwa mionzi ya urujuanimno yanatoa rangi ya waridi, na mimi nilikuwa na tochi ya mionzi hiyo mfukoni, niliyoileta kwa ajili ya nge. Nikaomba tusogee karibu nijaribu. Mjomba akazima injini, akanitazama kupitia kioo.

"Yeye amekuomba rangi?"

Tochi ikarudi mfukoni. Mwezi ulipopanda kamendegere wakaacha kwenda mbali. Walikula hatua chache tu kutoka kwenye mashimo yao, tukawa tunawaona hata bila taa, vivuli vinavyochupa. Saa tatu na nusu tukarudi.

Jumatano, Burunge tena

Mchana tulilala. Safari ya usiku inageuza saa za mwili, na sikuona sababu ya kujifanya shujaa.

Jioni, kabla hatujaondoka, nilitoa ile tochi yangu ya mionzi tukazunguka na Shemeji kwenye mawe nyuma ya jiko la kambi. Nge mmoja chini ya gogo, mwingine kwenye ufa wa jiwe, wote wanang'aa kijani cha samawati kama vipande vya plastiki vya kuchezea watoto. Zima tochi, hakuna kitu. Washa, yupo palepale, mkia umejikunja. Shemeji aliyatazama makubazi yake, kisha akarudi hemani kuvaa buti.

Usiku huu mwezi ulikuwa wa saa tatu, kwa hiyo tulikuwa na saa moja na nusu ya giza tupu. Mjomba aliamua kunisomesha. Usiitazame rangi peke yake, alisema, rangi inadanganya, inabadilika kwa pembe ya taa. Tazama kimo: macho yako usawa wa goti, kiuno au tawi? Tazama nafasi kati ya jicho na jicho. Tazama yanavyokwenda. Mla nyasi anainua kichwa, anakutazama, anainama, anainuka tena, na mara nyingi wako kundi. Mla nyama anakupa macho yote mawili kwa pamoja, yametulia, kisha anageuza kichwa na kuendelea na shughuli zake kana kwamba hukuja.

Nilifeli mtihani wa kwanza. Macho mawili ya kijani, chini, karibukaribu, yametulia kabisa. Nikasema chui, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuandaa simulizi ya nyumbani. Digidigi. Alikuwa amelala chini ya mgunga na mwenzake, hana hata wazo la kuondoka.

Wa pili nilimpata. Macho madogo juu ya tawi, yanakwenda taratibu kuelekea shina, kisha mkia mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe ukaning'inia kwenye mwanga. Kanu. Mwembamba kama soksi, madoa mwili mzima, anatembea juu ya tawi jembamba kama mtu aliye kwenye sebule yake. Nikageuza kifuniko chekundu juu ya taa. Wanyama wengi wa usiku mwanga mwekundu hauwasumbui sana, nasi macho yetu hayaharibiki: jicho la mtu linahitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na mmuliko mmoja mweupe unakurudisha mwanzo. Kwenye wekundu yule kanu alisahau kwamba tupo. Akashuka kichwa mbele, akasimama, akasikiliza, akarukia nyasi. Alipoinuka alikuwa na kitu kinywani, panzi au mjusi, na tukasikia kikivunjika.

Fungo alikuja kwa miguu yake. Tulikuwa tumesimama karibu na mti, tunamsikiliza fisi wa mbali, tukasikia majani makavu yakikanyagwa bila wizi wowote, kama mtu anayerudi kutoka dukani. Akatokea njiani: mwili wa mbwa wa wastani, mgongo umeinuka, madoa na mistari mieusi, barakoa nyeusi usoni. Alinusa tairi la mbele. Huyu ndiye mwenye zabadi, manukato ambayo wazee wa pwani waliyajua na kuyauza zamani, yanayotoka kwenye tezi iliyo chini ya mkia wake. Shemeji, ambaye kwao ni Tanga, alikuwa amelisikia neno hilo kwa bibi yake na siku zote alidhani zabadi ni ua. Fungo anakula karibu kila kitu, matunda, panya, mizoga, hata jongoo ambao wanyama wengi hawawagusi kwa sumu yao. Alipita chini ya mwanga wetu mwekundu akaingia upande wa pili bila kuharakisha.

Komba tulimwona dakika za mwisho, mwezi ukiwa umekwisha kuchomoza. Macho mekundu makubwa, yanakatika kutoka mti mmoja, yanawaka kwenye mwingine, katikati hakuna kitu. Anaruka kwa kasi ambayo taa haiwezi kuifuata. Sote tumekua tukisikia fulani amelewa kama komba. Niliyemwona mimi alikuwa na shabaha ya fundi: mita tatu gizani, kwenye mgunga wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, akatua penye nafasi ya mguu mmoja.

Karibu na kambi tukasikia kayamba. Naapa nilidhani kuna mtu anapiga ngoma. Ni nungunungu, wawili, wamesimamisha miiba baada ya kutuona na wanaitikisa mikia yao. Miiba ya mkiani ina uwazi ndani, ndiyo inayotoa ule mlio. Walitugeuzia migongo. Mjomba akarudisha gari nyuma bila kuambiwa na mtu.

Alhamisi, Tarangire

Hapa naandika asubuhi ya Ijumaa, kwa sababu jana usiku sikuweza.

Mchana niupitishe haraka. Tuliingia hifadhini, mbung'o wakatutoza ushuru wao kwenye vichaka, hasa Shemeji aliyevaa shati la bluu iliyokoza ingawa alionywa kuwa rangi hiyo wanaipenda. Mto Tarangire wakati wa kiangazi ndio maji ya kutegemewa, kwa hiyo kila mwenye kiu anaufuata, tembo kwa makundi, nyumbu, pundamilia, na anayewala anawafuata wao. Mibuyu mingine imechimbwa na tembo mpaka inaonekana kama inakula yenyewe.

Kwa safari ya usiku tulipata askari mpya mwenye bunduki, na yeye alisema masharti kabla hata hatujakaa. Hakuna kusimama garini. Hakuna sauti ya juu ya mnong'ono. Taa nyeupe isimfikie tembo, swala, pundamilia wala twiga. Ikiwafikia kwa bahati mbaya, unaiondoa mara moja, huirudishi.

"Kwa nini twiga?" Shemeji aliuliza. "Si mkubwa?"

"Ukimmulika anabaki haoni. Utaondoka wewe na taa yako. Simba haondoki."

Tukaenda polepole kandokando ya mto. Mwezi wa saa nne kasoro dakika kumi. Giza lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Nilimuuliza Mjomba maana ya maneno yake ya Jumanne. Akaniambia watafiti waliwahi kukusanya habari za simba kushambulia watu hapa nchini kati ya mwaka 1988 na 2009, karibu mashambulizi 500, wakayapanga kwa tarehe za mwezi. Yalizidi siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo wa usiku, kabla mwezi haujachomoza. Mbalamwezi inamnyima simba maficho, anakula kidogo. Giza likirudi anarudi na njaa. "Sasa wewe umekuja siku zake na saa zake," akasema. Shemeji alinigeukia kwa jicho ambalo mke wangu atasimuliwa.

Saa tatu hivi tukasikia mkoromo mkali wa puani, mmoja, kisha mwingine. Swala pala, wanaonyana. Nikainua taa.

"Zima," Mjomba alisema.

Nikazima. Akazima injini na taa za gari.

Mwanzo sikuona hata mkono wangu. Baada ya muda mibuyu ikajitokeza, si kwa kuonekana bali kwa kuziba nyota. Baridi ilipanda kutoka kwenye vyuma vya kiti. Nilisikia maji ya mto, injini ikipoa kwa kugongagonga, Shemeji akimeza mate. Mkoromo tena, sasa karibu zaidi. Kisha upande wa kushoto wa gari, nyasi zikalala. Sina namna nyingine ya kuisema sauti ile. Hazikukatika, hazikuchakaa, zililala, zikakaa kimya, zikalala tena hatua moja mbele. Kitu kizito kilikuwa kinapita kati yetu na mto, na kilikuwa kinatumia gari letu kujikinga. Tulikaa hivyo dakika ishirini. Sijawahi kutamani kuwasha taa kama nilivyotamani pale, na kidole kilikuwa juu ya swichi muda wote.

Aliyewasha si mimi. Lilikuja gari jingine kutoka upande wa daraja, taa zote mbele, na juu yake mtu ameshika taa nyeupe kubwa kuliko yetu anaizungusha kama ya mnarani. Likawafikia swala na kusimama hapo. Walikuwa kumi na watano au zaidi. Vichwa juu, masikio mbele, macho yote yanawaka, na hakuna hata mmoja aliyejua aende wapi. Nje ya duara lile la mwanga hawakuona kitu tena.

Simba jike aliingia kutoka upande wa giza. Hakukimbia sana. Alimchukua aliye pembeni, dume changa, na kilio kilikuwa kifupi. Wengine walitawanyika bila mwelekeo. Mmoja alipita mbele ya boneti yetu karibu aipige kwa kifua. Kwenye lile gari watu walipiga makofi.

Mjomba hakusema kitu mpaka Afande alipomaliza kuongea kwenye redio yake, maongezi ambayo sitayaandika hapa. Kisha akasema, "Refa kafunga goli."

Najua simba naye anakula. Najua pengine angempata yuleyule, saa ileile, gizani. Nimelifikiria usiku kucha, na bado sipati jibu la kwa nini ile dakika ishirini ya kusikia tu naikumbuka kama niliona kila kitu, na yale mauaji niliyoyaona wazi kabisa nayaona kama picha ya mtu mwingine.

Tuliondoka kabla fisi hawajafika. Walikuwa wanaitana tayari, mmoja ng'ambo ya mto, mwingine mbali nyuma ya kilima; mlio wa fisi unaweza kusikika hata kilomita tano, kwa hiyo karamu ile ilikuwa imetangazwa. Mwezi ulitukuta njiani, umebonyea upande mmoja.

Ijumaa, Manyara

Rudi Makuyuni, safari hii tukakata kwenda Mto wa Mbu. Kilomita chache, ukuta wa Bonde la Ufa ukakua mbele yetu mpaka ukaziba mbingu ya magharibi. Taa nimemkabidhi Shemeji. Sikumpa sababu na yeye hakuuliza.

Msitu wa Manyara unaanza palepale baada ya geti. Unanyweshwa na chemchemi zinazotoka chini ya ule ukuta, ndiyo maana miti yake ni mirefu na mibichi hata kiangazi. Usiku una harufu ya udongo wa mtoni. Tulikwenda mita chache, Shemeji akapandisha taa shavuni kama mtu aliyezaliwa nayo, mwanga ukapita juu ya mtini mkubwa, tukaona maumbo meusi yamejazana kwenye matawi kama magunia. Nyani, kundi zima, wamelala. Lakini hakuna jicho lililong'aa. Baadhi waligeuka wakatutazama, na nyuso zao zilibaki nyeusi. Nyani hana ule utando wa kioo, kama sisi tusivyo nao. Sisi na wao ni watu wa mchana. Komba, ambaye naye ni wa ukoo huohuo kwa mbali, ameubakiza. Shemeji aliondoa mwanga haraka, akasema "samahani," na nadhani aliwaambia wao.

Kinyonga ni rahisi usiku kuliko mchana. Akilala anapauka, na kwenye ncha ya tawi, taa ikimgusa, anaonekana kama jani lililooshwa rangi. Afande alituonyesha wawili kwenye kichaka kimoja, mikia imekunjwa kama saa za zamani za mfukoni. Muhanga tuliona mashimo yake tu, mapya, udongo bado una unyevu. Kakakuona hatukumwona na sikutarajia. Huyo akionekana kijijini watu humwekea maji, nafaka na silaha waone atachagua nini, mwaka usomwe hapo. Afande ana miaka mingi kazini. Nilimuuliza amemwona mara ngapi, akanionyesha vidole viwili.

Halafu bundi akaja mwenyewe.

Alikuwa kwenye tawi kavu juu ya njia, mkubwa kuliko kuku, kijivu, ametazama chini. Mwanga ulikuwa juu yake kabla Shemeji hajajua amemulika nini. Nilihisi kiti kikitetemeka. Kwao, kama kwetu, bundi akilia juu ya paa watu wanaanza kuhesabu wagonjwa. Bundi akafumba macho polepole, kope zikashuka, na zilikuwa za waridi. Waridi kabisa, kama zilizopakwa.

Kimya kirefu. Kisha Shemeji akanong'ona, "Kumbe naye anajipodoa."

Akageuza kifuniko chekundu mwenyewe, akamwacha.

Saa nne na robo tukatoka msituni kwenye uwanda ulio karibu na bwawa la viboko. Ziwa lilikuwa mbele, hatulioni, tunalisikia kwa ndege wasiolala. Mwezi bado dakika ishirini na tano. Mjomba alisimama mbali na njia zao, mifereji ile viboko wanayoikanyaga kila usiku wakitoka majini kwenda malishoni. Ukimkuta kiboko nchi kavu, kosa kubwa ni kukaa kati yake na maji. Shemeji alimulika uwanda mara moja kwa wekundu. Mgongo mmoja, mkubwa, unang'aa, kichwa kiko chini. Akatazama sekunde chache.

Akazima.

Hakuna aliyemwambia. Mjomba akageuka nusu, akatazama mbele tena, naye akazima taa za gari.

Kiboko anaweza kula kilo arobaini za nyasi kwa usiku mmoja, na anazikata kwa midomo, si kwa yale meno ya kutisha. Sauti yake ni ya mtu anayechana kitambaa kizito, kipande kwa kipande, bila haraka. Chaa. Kimya. Chaa. Pumzi ndefu ya puani. Tuliisikiliza mpaka nikaanza kuhesabu. Wakati fulani ilionekana kama inatoka kushoto, mara kulia, nikadhani anazunguka.

"Anakula kama ng'ombe wa babu," Shemeji alinong'ona.

Afande akaweka kidole mdomoni.

Mwezi ulitoka ng'ambo ya ziwa, mwekundu, umepungua robo yake, na njia ya mwanga ikanyooka juu ya maji kuja kwetu. Uwanda ukapata rangi ya majivu. Kiboko wetu alikuwa palepale alipokuwa. Mwingine alikuwa nyuma yake, na wawili upande wa pili wa gari, na mmoja mwenye mtoto karibu kabisa na tairi la nyuma, amesimama, nyasi zinaning'inia mdomoni, anatusikiliza.

Mjomba alikuwa ameshika ufunguo. Akautoa mkono, akauweka juu ya goti.